Nyumba Niliyoinunua kwa Utani

Mimi ni mtu wa ndani. Wenzangu niliotoka nao sekondari walitawanyika, huyu Mwanza, yule Dar es Salaam, wawili wakapelekwa ng'ambo kusomea mitambo. Mimi nilipata ukarani kwenye bohari ya reli hapa hapa Tabora, nikapanga vyumba viwili Mtendeni, nikaona safari yangu imekwisha. Mke wangu husema kwamba ningezaliwa enzi za misafara, wenzangu wangefika pwani na meno ya tembo mimi bado nimo ndani natafuta viatu. Sibishani naye. Hata leo nikiambiwa kuna harusi Bukene, kwetu nilikozaliwa, huanza kwa kuuliza kama naweza kutuma mchango.

Kwa hiyo asije mtu akadhani nilinunua nyumba kwa tamaa. Nilinunua nyumba kwa sababu niliogopa kuhama.

Ilikuwa nyumba ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, ukumbi mrefu katikati unaotoka barazani mpaka uani. Tofali za udongo, plasta ya saruji kwa mbele tu ili wapita njia waone, na bati lililoanza kupata kutu. Sisi tulikaa vyumba viwili vya mbele upande wa kulia. Mkabala wetu alikaa mwenye nyumba, mzee mjane aliyekuwa fundi wa magodoro. Alishonea chumbani, na sufi yake ilipeperuka ukumbini ikatua kwenye ugali wetu. Vyumba vya nyuma vilikuwa na wapangaji wa kuja na kuondoka.

Mzee yule alikuwa Mzaramo. Babu yake alipanda na misafara kutoka pwani, akafika Tabora, akaoa, hakurudi. Mimi ni Mnyamwezi, na babu zetu ndio waliobeba mizigo kwenye njia ile ile. Kwa hiyo mimi na yeye tulikuwa watani, na mtani unamtukana mchana kweupe, unamnyang'anya kofia kichwani, na akikasirika yeye ndiye mwenye aibu. Umri wake ulidai shikamoo, lakini hakuwahi kunipa nafasi ya kuitamka. Kila asubuhi nikifungua mlango nilimkuta amesimama kwake.

"Mzigo wa babu yangu uko wapi, we mtumwa?"

"Uliozea njiani. Babu yako alikuwa ameukalia."

Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yetu, miaka yote. Sikumbuki siku hata moja aliyoniambia neno ambalo halikuwa na mzaha ndani yake, wala mimi sikumwambia.

Kisha ukaja ule wakati Serikali ilipotwaa majumba makubwa ya kupangisha. Baadaye nilikuja kuelezwa kwamba sheria ile ilihusu majengo ya thamani kubwa, na kwamba nyumba yetu isingefikia kiwango hata ukijumlisha kuku wa uani. Lakini hofu haisomi sheria. Mzee alisikia redioni maneno kupe, mnyonyaji, mirija, akahesabu wapangaji wake, akaanza kuipunguza sauti ile redio kila taarifa ya habari ilipokaribia. Alikuwa akiniita kutoka kwake:

"We mpangaji, hebu sema kweli. Mimi nakunyonya?"

"Mpaka mifupa, mtani. Uboho umebaki kidogo."

Nilidhani anacheka.

Jioni moja tulikuwa barazani. Muuza kahawa alikuwa amekaa na birika lake, na watu wanacheza bao. Mzee alikuwa anatia uzi kwenye sindano ya magodoro, akasema bila kuinua macho:

"Nyumba hii nimemuuzia huyu mtumwa wangu. Aibebe kichwani kama walivyozoea kwao."

"Taja bei kabla hujafa," nikamjibu.

Akataja. Haikuwa bei ya mzaha. Ilikuwa bei ya mtu aliyekaa akaifikiria, na ilikaribia kabisa ile akiba mimi na mke wangu tuliyokuwa tukiweka tangu tuoane. Nikaingia ndani, nikafungua sanduku, nikatoa lile furushi la kanga ambalo mke wangu alilifunga kwa fundo lake la mikunjo mingi, nikarudi nikalitupa mapajani mwa mzee.

"Chukua. Kanunue sanda yako mapema, mimi sitaki kuja kuchangishwa."

Baraza nzima iliangua kicheko. Mcheza bao mmoja alimwaga kete. Mzee akalisukuma furushi chini ya msuli wake, akaendelea kutia uzi. Kwangu mimi nyumba ilikuwa imenunuliwa.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni akitazama.

"Baba watoto," aliniambia tulipoingia ndani, "umenunua nyumba, au umenunua kicheko?"

"Watu wote wameona."

"Wameona nini?"

Kumwomba mtani wangu anipe karatasi lilikuwa jambo ambalo hata mdomo haukulikubali. Ukizungumza na mtani kwa uso mkavu, maana yake kuna msiba, au umeacha kumwona kuwa mtu. Nikasema nitasubiri siku nzuri. Mimi ni hodari wa kusubiri. Ni kazi inayofanyika ukiwa umekaa.

Siku nzuri haikuja. Mzee alianguka chumbani kwake katikati ya kushona, upande mmoja wa mdomo ukavutwa chini, mkono ukalegea. Siku za mwanzo hakusema kitu. Ikapelekwa simu pwani, na kwa treni akaja mpwa wake, mtu mzima wa Dar es Salaam, suruali yenye mstari uliopigwa pasi hata baada ya safari yote ile. Hakuwa mtu mbaya. Alimwosha mjomba wake kwa mikono yake. Lakini baada ya siku chache alinisimamisha ukumbini.

"Ndugu, nitampeleka mjomba kwa binti yake. Nyumba hii tunaitafutia mteja, kwa hiyo mjiandae."

"Mteja ni mimi," nikasema. "Nimekwisha kulipa."

"Karatasi?"

"Nililipa mbele ya watu."

"Watu gani?"

Nikamwonyesha baraza. Alitoka, akakaa nao, akanywa kahawa, akarudi amejizuia kucheka.

"Wanakumbuka vizuri sana," aliniambia. "Wanasema ulimchangia sanda."

Nilikwenda kazini nikapokea bidhaa za bohari nikaziandika sivyo. Usingizini nilijiona nimebeba kitanda kichwani naelekea mahali nisipopajua. Na kama haikutosha, akaja mfanyabiashara mmoja wa pamba kutoka Nzega kuitazama nyumba. Mpwa alimtembeza. Alipiga hatua chumbani kwetu kupima upana, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole.

"Huu nitauvunja, niweke duka," alisema, na macho yake yakatua kwenye kitanda chetu, kwa upole kabisa, kama mtu anayetazama kiti kwenye mnada.

Mke wangu alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua uso. "Mgeni karibu," alisema, "ila angalia mguu. Sehemu hiyo ina mwenyewe."

Alipoondoka akanigeukia. "Kesho unakwenda kwa wakili."

Siku zile, Mtendeni, mtu akionekana kwenye mlango wa wakili basi ameua, au ameiba mali ya umma. Nilizungukia nyuma, nikapita penye jaa, nikatokea kwa wakili ambaye kila mtu alimjua, mwenye ofisi karibu na soko na sauti iliyotangulia nje kumpokea mteja. Alinikaribisha vizuri mno. Nilimweleza habari yote. Nilipofika kwenye sanda alicheka mpaka akatoa leso.

"Ndugu yangu, kesi tamu hii. Usiwe na wasiwasi. Mimi watu wa ardhi nawajua wote. Huyo mpwa naye mlete, nitawaandikia ninyi wote wawili, mtaokoa gharama."

"Itachukua muda gani?"

"Muda? Wewe kalale."

Nilitoka nimefurahi. Kufika njia panda furaha ikawa baridi. Huyu mtu alicheka kama walivyocheka barazani. Ikiwa ninayemlipa anacheka, hakimu atafanya nini? Na angewezaje kuniandikia mimi na mpwa kwa kalamu moja? Nilipofika nyumbani nikamweleza mke wangu, nikitarajia anitulize. Sijui kwa nini bado nina matarajio hayo.

"Ulimuuliza nini?" akasema.

"Bei. Na muda."

"Mimi leo nimepita sokoni nikauliza kitu kingine. Nimeuliza nani alinunua nyumba kwa mkono wa wakili gani, na bado anakaa humo." Akaweka ungo chini. "Nimetajiwa wawili. Huyo wako hakutajwa. Mmoja wao ni yule mwenye uso kama mlango wa benki."

Huyo alikuwa na chumba kimoja kwenye njia ya kwenda stesheni. Aliketi nyuma ya meza isiyo na kitu ila kalamu na miwani. Nilimsimulia habari yangu, hata nikaipamba, maana nikiogopa ulimi wangu hukimbilia mzaha. Nilipofika kwenye sanda nilicheka mwenyewe. Yeye hakucheka. Alisubiri nimalize kucheka, kisha akaanza kuuliza.

Hati ya kiwanja iko kwa nani? Mzee ana watoto wangapi, na wanajua? Marehemu mkewe alikuwa na sehemu katika nyumba? Nyumba iliwahi kuwekwa wakfu? Nani mwingine analala humo, na kwa makubaliano gani? Kwa kila swali niligundua kitu kingine nisichokijua kuhusu nyumba niliyokuwa nikiishi miaka yote. Nilijibu "sijui" mpaka neno likawa halina ladha.

"Na wewe," akasema, "ni kiongozi? Maana Azimio limekataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha."

"Kiongozi wa nini?"

Alinitazama kidogo. "Basi hilo usiliogope."

Akanieleza ujira wake kabla sijauliza, na gharama ambazo hazimo ndani yake, akasema nitalipia kadiri kazi inavyokwenda na si vinginevyo. Akasema atakuwa wakili wangu peke yangu. Mzee akitaka ushauri, ni haki yake kutafuta wa kwake, na yeye mwenyewe atamwambia hivyo. Akasema hata tukiandikiana leo, nyumba haihamii kwangu mpaka kipatikane kibali cha ofisi ya ardhi.

"Na mzee akikana?"

"Atakuwa amekana."

"Na akifa kabla?"

Aliweka kalamu mezani. "Utashughulika na warithi."

"Ni vigumu?"

"Warithi hawakuwepo barazani."

Nilirudi nyumbani nimeogopa kuliko nilivyokwenda, na hapo ndipo nilipojua nimempata wakili. Yule wa kwanza aliniambia nikalale. Huyu alinifahamisha kwa nini silali.

Alitaka kwanza kusikia mashahidi, nikampelekea muuza kahawa. Alikuja amevaa kanzu yake ya Ijumaa. Wakili akamwomba aeleze alichokiona.

"Bwana wee," akaanza, "siku ile tulicheka. Huyu alitoka ndani mbio kama ameumwa na siafu."

"Alimpa mzee kitu?"

"Alimtupia."

"Alisema ni cha nini?"

"Sanda," akasema muuza kahawa, na mabega yakaanza kumtikisika. "Alisema, chukua kanunue sanda."

"Wewe ulielewa nini?"

"Nilielewa ni watani."

Wakili akaandika. Nilikuwa nimekaa mbele yake na maandishi yaliniangalia juu chini, lakini niliweza kuyasoma: shahidi alielewa ni utani. Muuza kahawa aliniaga kwa furaha, akaniuliza kama amesaidia.

Wiki zilizofuata wakili alikwenda ofisi ya ardhi kupekua kumbukumbu za kiwanja. Nilimfuata huko kwake na moyo mkononi.

"Kiwanja ni cha mzee. Hakina rehani. Hakuna zuio."

"Kwa hiyo tatizo ni nini?"

"Hakuna tatizo."

Nilikaa pale nikisubiri aseme lingine. Alinifungulia mlango. Njiani nikajiuliza kama kuna tatizo kubwa mno lisiloandikwa. Nikamwambia mke wangu hivyo, akaniambia mimi ni mtu wa kwanza duniani kuugua kwa sababu ya habari njema.

Lililobaki lilikuwa mzee mwenyewe. Ulimi wake ulikuwa umerudi, mzito lakini unaeleweka, na akili yake daktari alisema ni salama. Wakili akasema atakuja kumsikiliza kwa masikio yake. Alipita Mtendeni na mkoba wake mweusi, mchana, kwa miguu, akaingia kwetu. Kabla hajamaliza kupiga hodi ya pili, jirani yetu alikuja amejifunga kanga kichwani kwa ajili ya kulia, akauliza nani amekufa.

Chumbani kwa mzee tulikuwa wanne. Yeye amelala juu ya godoro alilolishona mwenyewe, nene kuliko yote aliyowahi kuuza; mpwa amesimama dirishani; wakili kwenye kigoda; mimi karibu na mlango, mahali pangu pa kawaida katika mambo makubwa.

"Mzee," wakili akasema, "umemuuzia ndugu huyu nyumba yako?"

Macho ya mzee yakanitafuta. Ule upande mzima wa mdomo wake ukapanda.

"Huyu? Huyu ni mzigo wangu. Mtu atauzaje nyumba kwa mzigo?"

Na mimi, ambaye paa la wanangu lilikuwa linaning'inia kwenye jibu lile, nikasikia mdomo wangu unajibu wenyewe: "Mzigo umechoka kukaliwa, mtani."

Mzee akacheka. Nikacheka. Mpwa akamtazama wakili kana kwamba anasema, unaona?

Wakili akauliza tena, kwa maneno yale yale. Mzee akasema nyumba ataniuzia siku nitakapojua kuvaa viatu. Wakili akafunga kalamu yake.

"Ndugu," akaniambia, "toka nje."

"Mimi ndiye mteja wako."

"Ndiyo maana toka. Mkiwa wote wawili humu hakuna atakayesema kitu." Akamgeukia mpwa. "Na wewe pia."

Mlango ukafungwa. Tukabaki ukumbini, mimi na mpwa, kila mtu ameegemea ukuta wake, sufi imetanda sakafuni katikati yetu.

Nimewahi kuogopa mambo mengi. Naogopa ngazi, naogopa safari, naogopa ng'ombe wa watu wa Igunga wakipitishwa mjini. Lakini hofu ya ukumbi ule sijawahi kuipata tena. Kilichonitisha si nyumba peke yake. Ni kwamba nyuma ya mlango ule, kwa mara ya kwanza, mzee alikuwa anazungumza juu yangu bila mzaha, na mimi sikujua sauti yake ya namna hiyo ikoje. Miaka yote aliniita mtumwa. Je, kama chini ya ule utani hapakuwa na kitu kingine ila mtumwa? Je, kama alinivumilia tu, kama mtu anavyovumilia mpangaji anayelipa? Nilijaribu kukumbuka jambo moja jema alilonifanyia waziwazi. Nilikumbuka usiku mtoto wetu alipougua, asubuhi tulikuta godoro dogo jipya mlangoni. Nilipomuuliza, alisema limemshinda kuuza kwa sababu limenuka Kinyamwezi.

"Sisi kule kwetu utani umekwisha," mpwa alisema ghafla, kwa sauti ya chini. "Mtu ukimtania ofisini anakushtaki."

"Hapa bado."

"Naona." Akafuta sufi kwenye kiatu chake. "Mimi sitaki kukudhulumu, ndugu. Lakini nitawaambiaje watoto wake, kwamba nyumba ya baba yao imekwenda kwa kicheko?"

Lilikuwa swali zuri. Ningekuwa yeye ningeuliza hilo hilo, ila nikiwa nimekaa.

Mlango ukafunguka. Wakili akatuita, na cha kwanza akamwambia mpwa achukue mkasi wa fundi, afumue mshono wa godoro upande wa miguu. Mpwa akafumua. Akatia mkono kwenye sufi mpaka kiwiko, akatoa furushi la kanga limejaa manyoya meupe kama kifaranga. Mke wangu, ambaye tayari alikuwa mlangoni, akalitazama fundo.

"Hilo nilifunga mimi," akasema. "Halijafunguliwa."

Wakili akavaa miwani, akasoma alichoandika, kwa sauti ile ile ya kusomea kila kitu.

"Mzee anasema anauza nyumba, kwa hiari yake, kwa bei aliyoitaja. Anasema alitaka kuuza tangu siku ile. Anasema hakujua kama mpangaji wake ananunua kweli au anatania. Aliogopa kuuliza. Fedha hakuzigusa, kwa kuwa hakujua ni za nini, na alihofia siku moja zitaulizwa. Anasema alikuwa anaogopa pia Serikali imkute na wapangaji." Akakunja karatasi. "Mlikuwa mnaogopana."

Mzee alikuwa amegeukia ukutani. Mimi nilitazama dari. Kuta mbili na ukumbi mmoja vilitutenga miaka yote, na kumbe kila mmoja alikuwa amelala macho upande wake, akisubiri mwenzake aseme neno moja la maana.

Basi tukaanza upya, safari hii kama watu. Makubaliano yaliandikwa, yakasomwa mara mbili. Mzee aliambiwa anaweza kutafuta wakili wake, akasema huyu asiyecheka anamtosha kumwogopa. Kilichokuwa furushini kilipita mbele ya macho yetu sote na kuandikiwa stakabadhi. Mzee akatia dole gumba, mpwa akashuhudia, na mwandiko wake, lazima nikiri, ulikuwa mzuri kuliko wangu. Likawekwa sharti moja aliloomba mzee: atakaa chumbani mwake mpaka atakapoamua mwenyewe kuondoka. Mfanyabiashara wa Nzega akapelekewa salamu kwamba nyumba ina mwenyewe.

Ungedhani hofu iliishia hapo. Kibali kilikuwa bado, na wakili alikuwa amenionya. Nikawa namlea mzee yule kama yai. Uji wa ulezi asubuhi, mchuzi wa kuku jioni. Akikohoa, natoka. Asipokohoa, natoka mbio zaidi. Siku moja alinishika mkono nikiwa nimemwinamia kusikiliza pumzi.

"Unaninenepesha kama mbuzi wa Idi."

"Usife tu, mtani. Kufa baadaye."

Nilimsikia mke wangu uani akicheka peke yake. Wapangaji wa nyuma nao walikwisha kupata habari. Mmoja akaanza kuniita kabaila nilipokuwa nimebeba sufuria ya uji.

Kibali kilikuja. Mimi, niliyezoea kusikia mambo yakifa kwenye majalada, sikuamini. Wakili alinikalisha akanipa hati, akaniambia niisome yote kabla sijatia sahihi kwamba nimeipokea. Nilisoma jina langu mara nyingi kuliko lilivyostahili. Nilimwuliza kama sasa kuna kitu chochote kilichobaki cha kuogopa. Alifikiri kweli kweli.

"Moto," akasema. "Na mchwa."

Baada ya mvua za kwanza mzee akaamua kwenda kwa binti yake. Mpwa alirudi kumchukua. Nilimsindikiza stesheni, mimi ambaye sisindikizi mtu kupita mlangoni. Baraza nzima ilikuja, na muuza kahawa na birika lake. Nilikuwa nimeandaa maneno. Nilijua atanitukana mbele ya watu wote wa behewa, na nilikuwa na jibu kali juu ya babu yake.

Mpwa alimpandisha, akamkalisha dirishani. Mzee akaniita kwa kidole. Nikasogea, tayari nimeshaanza kutabasamu.

"Sikiliza," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, nyingine kabisa. "Bati la chumba changu linavuja juu ya dirisha, pale kwenye msumari wa tatu. Nilikuwa naweka bakuli. Usiache, maji yataingia ukutani. Watoto wako wawe wanalala upande wa mashariki. Kuna baridi kidogo, lakini ni pakavu."

Mwaka mzima nilitamani azungumze nami bila utani, na sasa alipozungumza nilitaka nimrudishie maneno yake mdomoni. Nikatafuta tusi. Nikatafuta mzigo, babu, sanda. Hapakuwa na kitu.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, mwanangu."

Watu wa baraza waliokuwa wanasubiri kucheka wakatazama chini. Treni ikaondoka.

Nilifika nyumbani na mvua. Chumba chake kilikuwa kitupu, sufi imebaki kwenye pembe. Nilisimama chini ya dirisha nikasikiliza. Tone la kwanza lilianguka pale pale aliposema. Nikaenda uani nikaazima ngazi, nikaiegemeza ukutani, nikapanda vipandio viwili, nikashikilia. Mke wangu alinipitia na ndoo kichwani.

"Teremka, mwenye nyumba," akasema. "Leo weka bakuli."